Jioni Niliyokatazwa Kusoma Rejista

Binti yangu alinipigia simu kutoka Kampala akaniambia anataka kufanya pati ya zamani nyumbani kwangu. Nilikuwa kwenye turubai nageuza mukene, wale samaki wadogo tunaowaanika juani hapa Wanyange, ukingoni mwa ziwa karibu na Jinja, reki mkono mmoja na simu mkono wa pili. Nikamwuliza, zamani ya lini?

"Miaka ya sabini, Mama. Watu watavaa suruali pana na mashati ya maua. Tutakula chakula cha wakati ule kwenye sahani za wakati ule. Vinteji."

"Vinteji ni nini?"

"Ni kitu cha zamani ambacho kimekuwa kizuri tena."

"Sasa miaka ya sabini ilikuwa mizuri lini?"

Binti yangu ananijua. Akasema polepole, kama mtu anayevuka mahali penye utelezi, "Mama, natimiza miaka thelathini. Wenzangu wa kazini hawajawahi kufika kwetu hata siku moja. Nataka wafike. Ila nina ombi. Jioni hiyo usisome rejista."

Rejista ndilo jina ambalo watoto wangu waliupa mdomo wangu. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na katika yote niliyofundishwa, kitu kilichobaki kichwani ni mwalimu akiita majina asubuhi na sisi tukiitika, "Niko!" Basi watu wakikusanyika, harusini au matangani, mmoja akasema neno juu ya siku za zamani, mimi naanza kuita. Fulani alibeba mlango wetu. Fulani aliwaonyesha askari mahali tulipolala. Nina watu kumi na mmoja, namba moja mpaka kumi na moja, nimetembea nao zaidi ya miaka arobaini. Hapa majina yao siandiki, maana wana wajukuu na wajukuu hawajanikosea. Kazi zao naziandika. Namba mbili alikuwa karani wa soko la Mbale, alichukua mabati. Namba tatu alikuwa fundi wa baiskeli, alichukua mbuzi watatu na kamba zao. Namba sita alikuwa anaimba kwaya kanisani. Huyo alimpiga ndugu yangu mdogo teke kwa sababu alikuwa analia kwa sauti.

Wote niliwaita, hakuna aliyewahi kuitika.

Rejista hiyo imenigharimu. Siku tulipokwenda kwa wakwe wa kijana wangu mkubwa, mzee mmoja alisifu Mbale ya zamani ilivyokuwa safi, nikaanza. Kumbe bi harusi ni mjukuu wa dada wa namba sita. Mke huyo hajaukanyaga uwanja wangu mpaka leo, na kijana wangu huja peke yake sikukuu ya Idi, anakula amesimama, anaondoka. Aliyebaki kunijia ni huyu binti. Ndiyo maana nilipomsikia anasema, "Ukisoma, Mama, sitagombana na wewe. Sitakuja tu," nililaza reki chini.

"Sitasoma," nikamwambia.

"Jioni moja tu, Mama."

"Jioni moja."

Niliahidi haraka, halafu sikukaa. Juma zima sikukaa. Nilipaka ukuta wa sebule chokaa, nikaona haujapendeza, nikapaka tena. Nilihamisha kochi upande wa dirisha nikalirudisha. Nilikwenda sokoni Jinja kutafuta sahani za enameli, zile nyeupe zenye ukingo wa buluu ambazo watu walizitupa plastiki ilipoingia. Mwuzaji akanitajia bei nikadhani amekosea.

"Za bati hizi?"

"Nyabo, hizi sasa zinakwenda mahotelini. Wazungu wanazipenda zikiwa zimebanduka kidogo."

"Nilale nazo nizibandue?"

Akacheka, hakupunguza. Nilinunua kumi na mbili. Nilipokuwa mtoto kambini ng'ambo ya mpaka, tulikula watoto wanne kwenye moja, na mwenye mkono mdogo ndiye aliyeshiba vibaya.

Niseme tulifikaje huko, maana bila hilo haya mengine hayaeleweki. Sisi ni Wanubi. Mababu zetu waliletwa huku kama askari, na baba yangu naye alikuwa sajenti. Tulikaa Mbale, upande wa Namatala, nyumba yenye baraza na bomba uani. Serikali ya wanajeshi ilipoanguka, mimi nina miaka tisa, ilikuwa kama kila Mnubi ndiye aliyekuwa serikali. Baba alikuwa ametangulia na lori siku mbili kabla, akisema atatuma mtu. Hakutuma. Asubuhi moja tulisikia makelele yanatoka upande wa soko. Mama alimfunga mdogo mgongoni, akatushika sisi wengine, tukatoka kwa mlango wa nyuma na nguo tulizovaa.

Kwenye kona niligeuka. Nilimwona mwanamke wa nyumba ya mkabala, mtu aliyekuwa akiniita kila jioni anipe sukari guru, anatoka mlangoni kwetu na cherehani ya mama kichwani. Gurudumu lilikuwa bado linazunguka. Na mkononi alikuwa ameshika kawa letu.

Huyo ndiye namba moja.

Kwetu chakula hakipelekwi mbele ya mgeni kikiwa wazi. Kinafunikwa na kawa, sisi tunaliita tabaga, linasukwa kwa ukindu na nyuzi za rangi mpaka linakuwa kama kofia pana ya duara. Kila mwanamke ana mpangilio wake. Mama alipokuwa anasuka lile, nyuzi zilimwishia katikati. Akachukua sweta kuukuu la jeshi la baba, akalifumua, akazungusha pete mbili za kijani kibichi cha jeshi. Wenzake walimcheka sana. "Umefunika wali na kikosi kizima!" Mama akajibu, "Angalau nzi wataogopa." Tabaga nyingine yenye kijani kile sijapata kuiona, na nimeangalia nyingi.

Mama alikufa kwa homa ng'ambo, kabla ya mwaka kuisha. Shule ikaishia pale.

Sasa, binti yangu alifika Ijumaa na boksi la vitu: taa za chemli, vitambaa vya kufuma vya kutandika kwenye viti, redio ya mbao isiyolia ambayo ilikuwa ya kutazamwa tu. Nyimbo zitatoka kwenye simu, akasema, simu itafichwa nyuma ya redio. Nilipika tangu alfajiri ya Jumamosi. Kisra, ile mikate yetu myembamba kama karatasi, bamia kavu na nyama, viazi vitamu vya Budondo, na malewa, yale machipukizi ya mianzi ya mlimani, kwa mchuzi wa karanga kama wanavyopika Mbale. Binti yangu alikuwa ananifuata jikoni kila mara.

"Mama, wageni wataleta kila mtu kitu kimoja cha zamani kutoka kwao. Watakisimulia mezani."

Nikaacha mwiko ndani ya sufuria. "Vitu vya zamani kutoka kwao."

"Ndiyo. Pasi, picha, vitu hivyo."

"Na mimi nilete nini?"

Akaushika mwiko akakoroga yeye. Sisi hatuna kitu. Kwetu cha zamani kuliko vyote ni mimi.

Walifika jua likiwa bado juu ya ziwa, watu tisa katika magari matatu. Banange, walikuwa wamejipamba! Suruali za kufagia njia, nywele za kuchana kwenda juu, miwani mikubwa kama vifuniko vya birika. Wote vijana, wasomi, wananiamkia kwa magoti, na wote walikuwa wameamua usiku huo watasema Kiswahili, kwa sababu kwao Kiswahili nacho ni nguo ya zamani, ya askari na wezi, unaivaa kwa mzaha. Mmoja, kijana mrefu mchangamfu, alikuja amevaa kofia ya kijeshi na kijiti kwapani. Akapiga mguu chini mbele yangu.

"Jambo afande! Wewe iko na chakula?"

Wote wakaangua kicheko. Binti yangu hakucheka, alikuwa ananitazama mimi. Nilimtazama yule kijana kuanzia viatu. Kisha nilinyoosha mkono nikaishusha ile kofia upande wa kulia, vidole viwili juu ya nyusi, kama baba yangu alivyokuwa anaivaa.

"Hivyo," nikasema. "Ulikuwa umeivaa kama mpishi."

"Asante afande mkubwa!"

"Kaa chini kabla sijakuweka ndani."

Wakacheka tena, na binti yangu akashusha pumzi. Nilijiona nimeweza. Nikajiambia, jioni moja si kitu, umeshamaliza robo.

Wa mwisho kuingia alikuwa binti mwembamba anayefanya kazi meza moja na wangu. Kwao Mbale. Alivaa gomesi ya bibi yake, lile gauni refu la mshipi la wanawake wa huku, ya hariri ya rangi ya ndizi mbivu, mabega yamesimama wima kama yameshonwa jana. Alikuwa na mfuko wa plastiki. Aliponisalimia alipiga magoti mpaka chini kabisa, kwa heshima ya kweli, nikampenda. Kisha akaenda mezani, akatoa kitu mfukoni, akakiweka katikati kimepinduliwa, na akakijaza vipande vya mkate.

"Kikapu cha bibi yangu!" akasema.

Kijana wa kofia akainama. "Hicho kikapu gani, mbona kama kofia?"

"Kofia ni hiyo yako. Tena yako ndiyo kikapu, imebeba hewa."

Nilikuwa nimebeba bakuli la bamia. Nililitua kwenye kiti cha kwanza nilichokiona. Ukindu ulikuwa umekuwa kahawia, nyekundu imekuwa kama kutu, lakini zile pete mbili zilikuwa vilevile. Sufu ya jeshi haichuji. Binti yangu alikuwa upande wa pili na kijiko hewani. Hadithi ya sweta ameisikia tangu ananyonya. Aliiona ile kijani, akaniona ninaiona, na midomo yake ikasema "Mama" bila sauti.

Walianza kusimulia vitu vyao. Mmoja alileta pasi ya mkaa, mmoja picha ya wazazi wake kwenye daraja. Sikusikia. Nilikuwa nimesimama nyuma ya viti nazunguka, nashika hiki naacha kile, kama kuku anayetafuta mahali pa kutaga. Zamu ikafika kwa binti wa Mbale.

"Bibi anasema alipewa na rafiki yake, jirani, mke wa mwanajeshi. Siku walipokuwa wanahama."

Wanahama. Kama watu waliopata nyumba kubwa zaidi.

Namba moja ilikuja mpaka kwenye meno. Niliisikia inasukuma. Watu tisa mezani, taa zimewashwa, wote wametega masikio wanataka mambo ya zamani. Sijawahi kupata hadhira nzuri kama ile na sitaipata tena. Na binti yangu hakunisihi. Aliweka kijiko chini taratibu, akakunja mikono, akangoja, kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo yake.

Nilisogea mezani. Nikatoa mkate kipande kimoja kimoja nikauweka kwenye sahani. Nikaligeuza kawa, nikalikung'uta makombo, nikaifunika kisra.

"Hili halitiwi mkate," nikasema. Sauti haikuwa yangu. "Hili ni kawa. Kazi yake ni kufunika."

"Kumbe tulikuwa tumelivua nguo!" akasema kijana wa kofia.

"Mlikuwa mmelisimamisha kwa kichwa."

Walipocheka nilimwinamia yule binti. "Bibi yako yuko hai?"

"Yuko, Mama. Namatala. Macho tu yanamsumbua."

"Bado anashona?"

Akashangaa. "Mama, umejuaje kwamba alikuwa anashona?"

Wengine walikuwa wanapakua, lakini binti yangu aliacha.

"Nimeona mabega ya hiyo gomesi," nikasema. "Aliyeyashona anajua kazi."

Uso wake ukafunguka kwa furaha. "Alishonea shule nzima yunifomu! Ndizo zilizomsomesha mama yangu mpaka akawa mwalimu. Nitamwambia umemsifu."

"Mwambie."

Nikatoka. Nilishika ufagio nikafagia uwanja uliokuwa umefagiwa, kutoka jikoni mpaka kwenye turubai la mukene na kurudi, mara tatu. Yunifomu. Mimi yunifomu yangu ya mwisho ilikuwa ya darasa la tatu, niliivaa mpaka ikawa blauzi. Ndani waliweka wimbo, wakawa wanacheza na viatu vyao virefu.

Binti yangu alikuja akasimama mlangoni.

"Mama. Asante."

"Usinishukuru. Bado iko mdomoni."

Aliuchukua ufagio mkononi mwangu akauegemeza ukutani, akanishika mkono kunirudisha ndani.

Waliondoka mapema kwa sababu ya barabara. Kawa niliwaambia limelowa mchuzi, nitaliosha nitalirudisha mwenyewe. Halikuwa limelowa. Kesho yake binti yangu alipokuwa anafunga boksi lake aliliona juu ya kabati.

"Mama, nipe nimpelekee kazini."

"Nitalipeleka mimi. Mbale si mbali."

"Mama, hapana. Huendi kumsomea mwanamke kipofu rejista."

"Ahadi ilikuwa ya jioni moja."

Hakukasirika, na hilo liliniumiza kuliko kama angekasirika. "Basi ukirudi nipigie mimi kwanza," akasema. "Usimpigie mtu mwingine. Nataka nijue kama bado nina pa kuja."

Jumatatu kabla ya adhuhuri nilikuwa Namatala. Mwamba wa Wanale uko palepale, umeinamia mji kama mtu anayesoma barua ya mwenzake. Nyumba yetu haipo, pana maduka matatu ya kuchaji simu na kinyozi. Ya mkabala ipo. Nilimkuta uani, ameketi kwenye mkeka, ungo wa maharage mapajani, anachambua kwa vidole. Amekuwa mdogo. Namba moja yangu ilikuwa jitu, na huyu angeweza kubebwa na mtoto.

Nilikuwa nimepanga maneno tangu Jinja. Nilipofika mbele yake sikusema lolote, nikamwekea kawa juu ya ungo. Vidole vyake vilizunguka ukingo, vikapanda, vikafika kwenye sufu. Vikasimama.

"Hii ya mke wa sajenti," akasema.

"Mimi ni binti yake."

"Yule wa sukari guru?"

Hilo sikuwa nimelipanga. "Yule," nikasema.

"Kaa."

"Sikai. Nimekuja kukuita. Siku ile ulitoka mlangoni kwetu na cherehani ya mama yangu kichwani na kawa hili mkononi. Nilikuona. Nilikuwa kwenye kona. Miaka yote nimekuita namba moja mbele za watu, na leo nakuita mbele yako."

Nilingoja akatae. Wanakataa. Namba mbili alipokuwa hai aliniambia mabati yaliruka kwa upepo.

"Mimi huyo," akasema.

Jogoo wa jirani aliwika kama mjinga.

"Kawa mama yako alinipa mwenyewe. Dirishani, kabla hamjatoka. Alisema, nitunzie, nitarudi. Mimi nimetunza. Wajukuu wanatia mkate, nawagombeza, lakini nimetunza."

"Na cherehani?"

"Cherehani nilichukua."

"Alikupa?"

"Hapana." Alirudisha kichwa nyuma, macho yake meupe yakawa yanatazama juu ya bega langu. "Nilingoja mtoke. Hamjafika hata kona, mimi ndani. Naweza kukudanganya niseme, kama sichukui mimi wanachukua wale wa soko. Ni kweli wangechukua. Lakini mimi nilikuwa naitaka siku nyingi. Kila mama yako alipokuwa anashona, mimi nasikia mlio wake huku, naitaka."

"Ilimsomesha mtoto wako."

"Ndiyo."

"Na mjukuu wako anafanya kazi ofisini na binti yangu, amevaa gomesi iliyoshonwa kwayo. Mimi niliishia darasa la tatu. Nauza mukene."

"Ndiyo," akasema tena. "Pole" haikumtoka, wala machozi. Alikuwa anaitika tu, neno kwa neno, kama mtoto wa shule anayejua hana pa kujificha. Na mimi niliyengoja kuitikiwa miaka yote hiyo nilitafuta kitu cha kuongeza nikakosa. Mdomo ulikuwa mtupu. Nilitaka kuondoka, nilitaka kumpindulia maharage, nilitaka kukaa kwenye ule mkeka. Nikasimama tu, nabadilisha mguu.

"Mama yako," akasema polepole, "cherehani aliipata wapi?"

Nilijua.

"Mimi nilikuwepo baba yako anaishusha kwenye lori," akasema. "Na kochi, na sahani za maua. Juma lile lile serikali ilimfukuza Mhindi wa duka la vitambaa, ameondoka na watoto wake na mifuko miwili. Sisi wote tulitoka nje kutazama. Mama yako hakutoka." Vidole vilirudi kwenye maharage. "Wewe unaita watu. Sawa, uite. Baba yako umemwandika namba ngapi?"

Kisha akaliinua kawa, akanielekezea mahali alipodhani nipo. Alikuwa amekosea kidogo, ikanibidi nisogee. "Chukua. Mwenyewe harudi."

Nililichukua. Sikumsamehe, nisije nikasomwa vibaya. Kawa alilitunza na cherehani aliiba, na moja halifuti jingine, nimejaribu kuyapima na hayalingani wala hayatengani. Mkono wake niliushika kuaga kwa sababu ni mzee, nikatoka.

Nilifika Wanyange jua linazama, nikaingia moja kwa moja jikoni nikachemsha chai nisiyoinywa. Kawa nililiweka juu ya sahani tupu ya enameli. Nikampigia binti yangu. Alishika kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Umesoma?"

"Nimesoma."

"Mbele za watu?"

"Mbele yake tu."

"Akasemaje?"

"Ameitika."

Nilimsikia anakaa chini. Nilimweleza yote, la kawa na la cherehani, bila kupunguza. Aliuliza kama amwambie yule mwenzake wa kazini. Nikamwambia bibi yake ndiye wa kumwambia, asipomwambia basi. Akafanya mzaha, lakini mzaha wake ulikuwa unatembea kwa vidole.

"Sasa namba moja imebaki wazi, Mama?"

Niliitazama ile kijani. Sweta la baba. Watoto wangu wanajua baba yangu alikuwa sajenti, aliyevaa kofia vizuri, aliyetangulia na lori. Hayo ndiyo niliyowapa. Rejista yangu yote inaanzia asubuhi ile ya makelele, kana kwamba kabla yake tulikuwa watu waliokuwa wamekaa tu.

"Haiko wazi," nikasema. "Ni ya babu yako."

Nikaendelea kabla hajauliza.

"Ile cherehani ilikuja na lori la jeshi kutoka duka la Mhindi. Kwenye droo yake kulikuwa na sindano, na futi ya kupimia, na utepe wa nywele. Mwekundu. Wa mtoto wa kike. Nilipokuwa mkubwa kidogo niliuliza ni wa nani, mama akaniambia acha maswali. Nikauvaa. Nilikuwa nimeuvaa siku tuliyokimbia, ndicho kitu kimoja nilichotoka nacho katika nyumba ile."

"Mama," akasema. Sauti yake ilikuwa karibu sana. "Uko wapi huo utepe?"

"Ngoja nikwambie."

"Hapana. Ijumaa nakuja. Usimalizie kwenye simu."

Nikakata simu. Mukene walikuwa bado nje, na upande wa ziwa mawingu yalikuwa yamejaa. Nikachukua reki nikatoka kuwakusanya kabla mvua haijawafikia.